Mabaki ya vita Lindi na Mtwara yasiishie kwenye mizani ya chuma chakavu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mabaki ya vita yaliyomo katika mikoa yetu ya kusini, ambayo thamani yake hutajwa tu pale mnunuzi wa chuma chakavu anapoingia kijijini na mizani yake.

Nilipokuwa masomoni Uingereza, wenzangu walinipeleka kwenye mlima wa Bleaklow, Derbyshire, ambako Novemba 3, 1948 ndege ya Marekani aina ya B-29, aina ileile iliyodondosha mabomu Japani katika Vita Kuu ya Pili, iligonga mlima ikishuka ndani ya mawingu na kuua watu wote 13 waliokuwamo. Ndege hiyo ilikuwa imegeuzwa kuwa ya kupigia picha, na mwaka 1946 ilitumika kupiga picha za majaribio ya bomu la atomiki katika visiwa vya Bikini. Mabaki yake yangali pale ilipoangukia. Hakuna mlinzi wala kiingilio. Injini zimelala katika udongo mweusi wenye majimaji, silinda zake zikiwa zimepangwa kwa duara, safu mbili nyuma na mbele. Chuma kimeliwa na kutu, lakini vipande vya alumini bado vinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa jana. Kando yake pana jiwe lililowekwa mwaka 1988 linaloeleza kilichotokea, na wageni huacha hapo misalaba midogo ya mbao na maua mekundu ya karatasi. Tangu mwaka 1986 sheria ya nchi hiyo inakataza mtu kuchukua mabaki ya ndege ya kijeshi bila kibali, ingawa kwa maoni yangu lile jiwe linafanya kazi kubwa kuliko sheria, kwa sababu anayelisoma huona haya kutia kipande mfukoni.

Sisi tunayo Mahiwa, karibu na Nyangao, ambako kati ya Oktoba 15 na 18, 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck yalipambana na majeshi ya Waingereza, wakiwamo askari kutoka Nigeria, na upande wa Waingereza pekee ukapoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Mwezi uliofuata, Novemba 21, chombo cha angani cha Wajerumani aina ya Zeppelin, yaani puto kubwa la turubai lililojazwa gesi na kuendeshwa kwa injini, kilichoitwa L59, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, na takribani tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine kwa ajili ya vikosi vya von Lettow-Vorbeck, vilivyokuwa vimesukumwa hadi nyanda za juu za Makonde. Hata turubai lake lilikusudiwa kukatwa na kushonwa mahema. Kiliamriwa kurudi kikiwa kimeshafika Sudan, kikatua Jamboli Novemba 25, siku ileile von Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Baadaye kiligeuzwa kuwa cha kudondoshea mabomu, na Aprili 7, 1918 kililipuka angani karibu na pwani ya Italia. Mwanafunzi wa Newala anastahili kuijua habari hii.

Tatizo letu limo katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo mabaki ya vita ya 1914 hadi 1918 hayapati ulinzi huo mpaka tangazo rasmi litolewe. Nimewahi kuona ganda la shaba la mzinga likitiwa katika gunia pamoja na sufuria zilizotoboka na rimu ya baiskeli. Simlaumu aliyeuza, maana alihitaji pesa ya unga, wala aliyenunua, maana hakuna aliyemwambia kwamba kile si chakavu. (Risasi na makombora ambayo hayajalipuka ni suala jingine kabisa: hayo yasiguswe, na polisi waitwe.)

Ninaiomba wizara inayohusika na malikale itangaze uwanja wa mapigano wa Mahiwa kuwa eneo la kulindwa, na halmashauri zetu ziwatume maofisa utamaduni kuorodhesha vilivyobaki majumbani na mashambani kabla havijapimwa kilo. Kibao chenye maelezo kwa Kiswahili, kikiwataja pia wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili, kinaweza kusimamishwa Nyangao hata kabla tangazo hilo halijatoka.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara