Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Sheha wetu, kamati ya skuli, wazazi na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe Mheshimiwa kwa kuitika mwito wetu. Mahitaji ya skuli Mwalimu Mkuu ameshayaeleza. Sisi tumekuja kukiombea kinu cha mafuta ya nazi kilichoko nyuma ya uwanja wetu, ambacho karibuni kitavunjwa zijengwe nyumba na maduka.

Kwa ruhusa ya Sheha na mwenye eneo, tumeingia humo Jumamosi nne pamoja na mwalimu wetu na mzee mmoja aliyekuwa mkoleza moto wa boila. Mzambarau umeota katikati ya chumba cha mashine. Paa la bati limeliwa na kutu, lakini kuta za mawe na chokaa zimesimama, na dohani pia. Tulipofagia majani, mzee aliinama, akasugua sakafu kwa kidole, akanusa, kisha akatunusisha. Harufu ya mafuta ingalimo.

Alitupitisha njia iliyopita mbata. Nazi zilifuliwa na kupasuliwa mashamba, zikaanikwa juani au juu ya uchaga wenye moto wa vifuu chini yake, mpaka nyama ikaachana na kifuu. Magunia yalipofika mlangoni yalipimwa kwa kapani, hesabu ikiwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16. Ndani, mbata ilisagwa, ikapashwa moto kwa mvuke, ikatiwa kwenye shinikizo. Mbata iliyokauka vizuri hutoa mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake. Mashudu yalikuwa chakula cha ng'ombe. Zamani kabla ya mashine, mjini Unguja kazi hii ilifanywa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni, akizunguka kinu kutwa.

Pale penye kapani, chokaa ilipobanduka, tumekuta hesabu za mkaa: vijiti vinne na cha tano kimevikata, safu juu ya safu, na pembeni majina kwa herufi za Kiarabu. Tulimwita bibi wa mwenzetu atusomee. La tatu lilikuwa la baba yake, aliyekuwa hamali hapo. Aliweka kiganja ukutani, akakaa hivyo muda mrefu, nasi tukanyamaza.

Mheshimiwa, kasri la Maruhubi alilolijenga Sayyid Barghash liliungua mwaka 1899, na hadi leo nguzo zake zinatunzwa na wageni wanapelekwa kuziona. Ni haki yake. Lakini nchi hii ililishwa na karafuu na mbata, na waliozibeba mgongoni hawakuacha kasri. Wameacha ukuta ule.

Hatupingi ujenzi. Watu wanahitaji nyumba, na ukuta wa upande wa bahari umepasuka kiasi kwamba mwalimu alitukataza kuusogelea. Tunachoomba ni muda hadi masika yaishe, tumalize kupima, kuchora na kupiga picha kila chumba, na nakala ipelekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, Kilimani. Tunaomba utusaidie kuzungumza na mjenzi ili dohani ibaki ndani ya uwanja wa nyumba mpya, na kile kipande cha ukuta chenye majina kikatwe na fundi anayeijua chokaa, kije skulini pamoja na kapani. Mwalimu Mkuu ameshatutengea chumba. Tunahitaji pia futikamba ndefu na kofia ngumu, kwa sababu tunaingia kwa zamu, wachache wachache, kwa kukosa vifaa hivyo.

Mzee wetu wa boila yupo hapa, mstari wa pili, mwenye kanzu na koti la kijivu. Baada ya shughuli yuko tayari kukuongoza mwenyewe hadi kinuni, Mheshimiwa, ukiridhia. Ni mwendo wa dakika tano.

Tunaomba kuwasilisha.