Barua kwa mdogo wangu anayewapeleka watoto kisiwa cha Tchegera, Ziwa Kivu

Mdogo wangu,

Umeuliza bei ya boti. Bei mtaelewana. Mimi nakuomba uikague boti yenyewe ukiwa bado nchi kavu hapa Goma, kwa sababu ukishapanda hutasikilizwa tena. Mwezi wa 10 mwaka 2024 boti kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku hapa Goma, watu wa ufukweni wakitazama, na makumi wakafa. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake.

Anza na jile za kuokolea, yaani jaketi za kuelea, moja kwa kila kichwa. Ya mtoto iwe ya kipimo chake: mvalishe, funga mikanda yote, halafu mwinue kwa kushika mabega ya jile. Ikimpanda hadi masikioni haifai. Majini itaelea yenyewe na mtoto atachomoka chini. Wote mkishakaa, tazama ukingo wa boti. Ukibaki shubiri moja tu juu ya maji, shukeni, hata kama mmelipa. Wimbi likiingia, maji hukimbilia upande mmoja, watu nao hufuata kwa woga, na hapo ndipo boti inapopinduka.

Kapiteni aiwashe mota mbele yako. Nyuma yake lazima kiruke kijito chembamba cha maji: hayo ndiyo maji yanayoipoza. Mifuko ya plastiki ya pale ufukweni huziba tundu la kunyonya, kijito kinakatika, na mota inaungua. Kikikatika, azime papo hapo, ainue mota, autoe mfuko. Esanse (petroli) iwe theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, na ichujwe, kwani maji hutuama ndani ya bidoni (dumu), chini kabisa, na yakifika kwenye mota inazima. Ndani ya boti ziwepo plagi ya akiba ya mota, makasia na ndoo ya kukumbia maji.

Ondokeni saa moja asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Saa nane mchana muwe mmeanza kurudi; upepo wa alasiri huinua mawimbi, na msimu wa mvua radi za huku si za kuchezea.

Kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya Virunga, kwa hiyo ulizia ruhusa mapema. Kimejipinda kama mwezi mchanga, kwa kuwa ni ukingo wa kreta ya zamani; wekeni makao upande wa ndani, kwenye utulivu. Mchanga ni mweusi na unachoma, mawe ya volkano yanakata, kwa hiyo kandambili zisivuliwe hata majini. Mamba hakuna. Hatari ni kina: hatua chache tu, chini hapakanyagiki.

Upande wa Bulengo, ufukweni magharibi mwa Goma, msiwaache watoto wacheze kwenye mabonde ya ufukweni, hasa alfajiri. Mazuku ni gesi nzito kuliko hewa, inalala chini bila kuonekana, na aliye mfupi ndiye anayeivuta kwanza.

Namba ya simu ya kapiteni na saa ya kurudi mwachie mtu wa nyumbani. Saa kumi ikipita hamjafika, asingoje giza kuanza kuulizia bandarini.

Kaka yako