Bwawa usimkabidhi mtu bado

Kaka, habari za siku? Meseji yako ya sauti nimeisikiliza yote mpaka pale ulipoanza kuwagombeza ndugu zako, nikacheka ila nimekuelewa, yaani mtu akishapoteza macho kila anayeingia kwake anamnyang'anya bisibisi mkononi. Umeuliza bwawa uendelee nalo mwenyewe au umlipe mtu, na hiyo koki ya jikoni inayovuja uifanyeje. Nakujibu vyote, ila bwawa ndio lenye maneno mengi, koki ni kazi ya muda mfupi tu.

Kwanza usinunue kitu. Najua umeshaanza kuulizia vifaa vinavyoongea na kweli vipo, tepu ya kupimia inayotaja sentimita, mizani inayotaja gramu, multimita inayosoma volti kwa sauti, na viwili kati ya hivyo nitakwambia ununue hapo mbele. Lakini kazi nyingi za nyumbani hazitaki namba kabisa! Unataka ubao wa kuingia kwenye pengo la kabati, chukua fito mbili nyembamba, zilaze pamoja ndani ya pengo, moja isukume kushoto mpaka igote, nyingine kulia mpaka igote, zibane na klampu pale zilipopishana, basi kipimo unacho mkononi, kihamishie kwenye ubao. Alama weka kwa ncha ya kisu, penseli achana nayo, mkwaruzo wa kisu ukucha unauona vizuri tu. Siku namba ikitakiwa kweli ipo rula ya mibofyo, ni chuma chenye nyuzi za skrubu kinachoteleza ndani ya bomba dogo, ukikivuta kinabofya na kila mbofyo ni sehemu 1 ya 16 ya inchi, kama milimita 1.6 hivi, unahesabu kwa sikio na kidole. Wima tumia timazi, ile ya mafundi wa zamani, uzi na uzito wake, unaufuata kwa vidole kwa upole bila kuusukuma. Mlalo, simu yako inaweza kufanya kazi ya pima maji na kisoma skrini, ile programu inayosoma maandishi ya simu kwa sauti, kinakutajia digrii.

Sasa koki. Funga koki kuu, halafu fungua hiyo mbovu mpaka maji yaliyobaki yaishe, halafu ziba tundu la sinki na kitambaa (hii usiiruke, skrubu moja ikizama humo utaongea lugha zote). Weka trei pembeni, na kila unachotoa kipange kushoto kwenda kulia kwa mfuatano uliokitoa, kurudisha ni kulia kwenda kushoto, hakuna cha kukumbuka kichwani. Kama ni koki ya kuzungusha ya kawaida utakuta chini ya spindo, kile chuma cha katikati kinachozunguka, kuna washa ya mpira, pitisha kidole, ikiwa na mfereji au imekuwa ngumu hiyo ndiyo inayovujisha, nenda nayo dukani uipate ya saizi ileile. Pitisha kidole pia pale washa inapokalia, pakiwa na makovu washa mpya nayo haitachukua muda. Kitu kikidondoka sakafuni simama tuli, usirushe mguu, sikiliza kimeishia wapi ndio uinamie. Sumaku kwenye kamba ni rafiki, ila shaba haiifuati.

Umeme hapa nakuwa mkali. Kuzima breka na kubadilisha swichi unaweza, ila kila mara jaribu kifaa chako cha kupima umeme kwanza kwenye soketi unayojua ina moto, halafu pale unapotaka kushika, halafu rudi tena kwenye ile yenye moto, maana kifaa kilichokufa betri nacho kinakaa kimya na ukimya wake unafanana na usalama. Ndio maana hiyo multimita inayoongea nasema nunua. Lakini nyaya za pampu ya bwawa, taa ya ndani ya maji, mambo hayo ita fundi umeme mwenye leseni, na hilo lingekuwa jibu langu hata kama ungekuwa na macho manne. Wewe kazi yako ni kubonyeza kitufe cha majaribio cha ile breka inayokata umeme ukivuja, kila mwezi. Ukibonyeza unasikia inakata tak na pampu inanyamaza, kama haikati usiingie majini wala usimruhusu mtu mpaka iwe imetengenezwa.

Haya bwawa lenyewe. Wenye macho bwawa wanaliangalia tu wanasema leo liko poa, lakini kuangalia ndio njia ya uvivu, maji maangavu yanaweza kuwa hayana klorini hata tone. Sisi mikono inatangulia. Ukipitisha kiganja kwenye ukuta chini ya usawa wa maji ukakuta utelezi, huo ni mwani unaanza, na mara nyingi utaukuta kwa vidole kabla wao hawajauona ukiwa kijani, sugua kwa brashi siku hiyohiyo. Usawa wa maji uwe katikati ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu, unapima kwa mkono. Nguvu ya filta unaisikia pale maji yanaporudi bwawani, weka kiganja mbele ya tundu, ukizoea msukumo wa filta iliyo safi utajua siku umelegea. Na pampu sikiliza kila siku, ikisikika kama imemeza kokoto maana yake inakosa maji, angalia usawa wa skima, angalia vikapu vimejaa majani, angalia ule mpira wa duara wa kifuniko cha pampu kama umekauka au umekunjika, upake grisi ya silikoni sio ya mafuta. Zima pampu kabla hujafungua chochote, na mkono kwenye kikapu cha skima uingie na glavu, vyura wanapapenda sana na wengine sio vyura.

Geji ya presha inasumbua kwa sababu iko chini ya kioo. Kuna zile kavu ambazo kifuniko kinatoka, unagusa mshale kwa kidole kwa upole, zenye mafuta ndani usizifungue. Chochote utakachotumia kitu unachotaka kujua ni kimoja, imepanda kiasi gani kutoka pale ilipokuwa filta ikiwa safi. Kwa filta ya mchanga ikipanda psi 8 mpaka 10 (psi ni kipimo cha presha) ni wakati wa kuiosha kwa kurudisha maji nyuma. Mtu akae nawe mara moja tu, mweke alama ya gundi inayokauka ngumu kwenye ukingo wa geji pale pa safi na pale pa kuosha, na kwenye valvu kubwa ya filta, ile yenye mpini wa kuchagua maji yapite wapi, uweke alama kwenye kila nafasi. Hiyo valvu usiizungushe hata kidogo pampu ikiwa inafanya kazi, utaharibu gasketi ya ndani, zima, bonyeza mpini chini, zungusha, achia, hakikisha umekaa, ndio uwashe.

Kemikali ndizo zinazowatia watu woga na wana haki. Karatasi za kupima zinazobadilika rangi sahau, na programu za simu za kutaja rangi usiziamini kwenye hili, kivuli kidogo tu kinabadilisha jibu. Hapa ndipo pa kutumia hela, kuna fotomita ndogo, vifaa vinavyosoma rangi ya sampuli vyenyewe, zinazotuma majibu kwenye simu kwa bluetooth na kisoma skrini kinakusomea. Sampuli ya maji ivute kwa sirinji, kama kifaa kinataka mililita 10 tumia sirinji ambayo ikijaa inabeba mililita 10 kamili, hakuna kukisia. Unatafuta pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8 na klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kama maji yako yana ile kinga ya jua, asidi ya sayanuriki, klorini isishuke chini ya 2. Anza na pH siku zote. Kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini ndiyo iko kwenye hali ya kuua vijidudu vizuri, ikifika 8 inabaki kama robo tu, kwa hiyo unaweza kuwa unamwaga klorini kila siku na bwawa linakucheka.

Kiasi cha kuweka ni hesabu sio jicho. Pima urefu na upana kwa kamba yenye mafundo kila mita, kina kwa mti wa brashi, tafuta wastani. Tuseme mita 8 kwa 4 kwa 1.5, hizo ni mita za ujazo 48, lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita unahitaji gramu 48 za klorini tupu, kwa unga wa klorini ya kalsiamu (kalsiamu hipokloriti) wa asilimia 65 ni kama gramu 74, pima kwa mizani inayoongea na umemaliza. Ndoo ijazwe maji kwanza ndio unga uingie, kamwe usimwagie unga maji juu yake.

Na makopo, kaka, makopo! Klorini na asidi, ile ya kushusha pH, zikikutana inatoka gesi inayoua, na aina mbili tofauti za klorini zikichanganywa zinaweza kuwaka moto, kwa hiyo lebo ya nukta nundu peke yake mimi hainitoshi, inabanduka. Vitofautishe kwa umbo, asidi ikae kwenye chupa yake yenye mpini na rababendi mbili nene, klorini kwenye ndoo yake, visikae rafu moja wala chumba kimoja ukiweza, na kila kimoja na kijiko chake kikavu ambacho hakiendi kwa mwenzake. Usinuse kujua ni kipi!! Ukiwa na wasiwasi usimwage, acha mpaka uhakikishe. Vipange kabla hujavaa glavu maana glavu zinaua vidole, simama upepo ukikupiga mgongoni, piga magoti ukingoni badala ya kuinama. Na watangazie watu wa nyumbani kwamba stoo ile hakuna anayepanga upya kwa nia njema, hao wenye nia njema ndio hatari kuliko chura.

Kitu kimoja lazima macho ya mtu. Kabla watu hawajaogelea, hasa watoto, sakafu ya bwawa pale kwenye kina kirefu lazima ionekane vizuri kutoka juu, kwa sababu mtu aliyezama kwenye maji yaliyochafuka haonekani. Hilo kidole hakiwezi. Muulize yeyote aliyepo, au piga Be My Eyes, ile programu iliyoanzia Denmark mwaka 2015 ya watu wa kujitolea kukuangalizia kwa kamera, swali lako ni la ndiyo au hapana, unaona lile tundu la kutolea maji kule chini au huoni. Ushauri wa kemikali usimuombe, hajui na atakupa tu.

Kwa hiyo mimi nasema usimkabidhi mtu bado, isipokuwa umeme. Usafi wa sakafu kama mgongo unakusumbua nunua roboti ya kusafisha uiachie hiyo kazi. Kesho ukipata muda shika ile valvu unihesabie ina nafasi ngapi na kichwa chake kina maandishi yaliyoinuka au hakina, unitumie kwa sauti, nikuelekeze nafasi kwa nafasi kabla hujaosha filta.

Wasalimie hao wezi wa bisibisi.

Rafiki yako