Mazoezi ya mchezo wa Kifaransa yasisimamishwe

Mhariri,

Nafundisha Kifaransa katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Mwaka jana tuliandaa mchezo mfupi: mama mboga wa soko la Kibuye anavutana bei ya nyanya na mgeni kutoka Ufaransa. Mama mboga aliigizwa na msichana wa kidato cha pili ambaye tangu ajiunge nasi hakuwahi kuinua mkono darasani. Neno "tu" (wewe) lilimshinda. Kila mara lilitoka "tout" (yote). Basi akawa anasimama mbele ya kioo bwenini, midomo kaibana kama anayepuliza moto jikoni, hadi likakaa sawa. Siku ya maonyesho, leso kiunoni, alitaja bei mpaka "quatre-vingt-dix" (tisini) bila kukwama, na nambari hizo huwatoa wengi jasho. Wakati wa kuchagua masomo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, Kifaransa alikiandika bila kusita.

Muhula huu tumeambiwa mazoezi yasimame, eti yanakula muda wa mtihani. Jambo hili limeniuma sana. Nawasihi wakuu wa shule watuachie angalau Ijumaa jioni. Wanafunzi bado wananiuliza wavipeleke wapi vikapu walivyobeba kutoka nyumbani.

Mwalimu wa Kifaransa,
Kisumu