Mwanangu, kabla hujatuma maombi ya uzamivu

Mwanangu,

Swali lako halijibiki kwa meseji za simu ndo maana nakuandikia barua, isome ukiwa umetulia. Umeniuliza kama uombe nafasi ya uzamivu kwenye sayansi ya mimea, afu ukanionya nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, sikupaki.

Ukisahau mengine yote ubaki na hili. Kwenye kazi hii utaishi na kalenda mbili ambazo hazipatani hata siku moja, ya mmea na ya chuo. Fandi za utafiti nyingi ni za miaka mitatu, ukibahatika mitano, mkataba wa posdoki, ile ajira ya muda ya utafiti baada ya uzamivu, mara nyingi ni mwaka au miaka miwili, na mkuu wa idara kila mwaka anataka kujua umetoa pepa ngapi. Mmea haujui hayo yote wala haujali. Mahindi yanataka miezi yake mitatu minne mpaka punje zikomae na msimu ukikupita umekupita, kaa usubiri mwingine. Miti ndo usiseme, mtu anachavusha akiwa mwanafunzi anakuja kuona tunda la kwanza ameshakuwa mhadhiri.

Ndo maana watu wengi wa maabara wamekimbilia Arabidopsis, kagugu kadogo ka ukoo wa haradali ambako mkulima hana haja nako, ila mbegu hadi mbegu ni kama wiki sita tu, kanajichavusha kenyewe na jenomu yake, yani DNA yake yote, ni ndogo, ilichapishwa mwaka 2000 na ndo ilikuwa ya kwanza kwa mimea yote. Ngano ya mkate jenomu yake ni herufi kama bilioni 16, tena imebeba kromosomu za mababu watatu tofauti kwa pamoja, ramani yake nzuri imekuja kutoka 2018. Sasa we fikiria anayesoma ngano na anayesoma Arabidopsis wanashindania kazi ileile na wanahesabiwa pepa kwa kipimo kilekile. Sikuchagulii mmea, ila ujue ukishachagua mmea umechagua na mwendo wa maisha yako.

Kazi ya kila siku sasa. Watu wanadhani tunazunguka msituni na kofia tunayapa maua majina, na kweli wapo wenye kazi hiyo, wale wa hebaria, zile hifadhi za mimea iliyokaushwa, nawaheshimu sana maana jani lililokaushwa miaka mia iliyopita leo linaweza kutolewa DNA likajibu swali ambalo aliyelichuma hakulijua. Lakini wengi wetu tunaosha vyungu, tunaandika lebo na tunahesabu, yani kuhesabu mpaka usingizini unahesabu majani. Ukitaka kuzalisha mbegu chotara ya mimea inayojichavusha unakaa na kibano na lensi, unafungua ua kabla halijachanua lenyewe, unatoa sehemu za kiume moja moja bila kuumiza ya kike, unapaka chavua ya mmea mwingine, unafunika na kamfuko, unaandika tarehe kwa penseli (penseli jamani, wino ukipata maji umeisha). Afu unahamia ua linalofuata. Mgongo utauma. Vidukari watavamia wiki ileile ya kupima, na feni ya grinihausi sijui nani aliifundisha, inakufa wikendi tu. Zile sikukuu ulizokuwa unaniona natoka asubuhi na mapema, sikuwa na kikao, nilikuwa naenda kumwagilia.

Kuhusu chuo chenyewe sitasema mengi, kufundisha, kusahihisha, vikao, utayaona. Ila kukataliwa uzoee mapema. Maombi ya fandi yanayokataliwa ni mengi kuliko yanayopita, na hiyo ni kwa wazuri pia. Pepa itarudi na maoni ya wahakiki, wa kwanza atakusifu, wa pili atataka urudie jaribio la mwaka mzima kana kwamba mimea inaota kwenye kompyuta. Usimjibu siku hiyohiyo. Lala kwanza.

Na msimamizi, hapa nisikilize vizuri maana hapa ndo watu wanapoharibikiwa. Usichague jina la chuo, chagua mtu. Usimuulize yeye kama ni msimamizi mzuri, atasema nini? Tafuta waliotoka kwenye maabara yake, waulize walimaliza kwa muda gani, wako wapi sasa hivi, na nani aliandikwa jina la kwanza kwenye pepa ambazo wao ndo walitoa jasho. Mambo ya majina muongee mapema kabla data haijaanza kuja, ikishakuja kila mtu anakumbuka alichosaidia. Nimeona urafiki wa miaka ukifa hapo.

Utasikia sana habari za Barbara McClintock, yule wa mahindi. Aliangalia madoadoa kwenye punje akagundua kuna vipande vya jeni vinahama kutoka sehemu moja ya kromosomu kwenda nyingine, akaelezea mbele ya wenzake mwaka 1951, wengi hawakumwelewa au hawakushawishika, baadaye akapunguza hata kuchapisha habari hizo, na Nobel ikaja 1983 akiwa na miaka 81. Watu wanaisimulia kama hadithi ya subira na mi hainipendezi ikisimuliwa hivyo. Mama yule alikuwa na ajira ya utafiti Cold Spring Harbor, maabara ya huko Marekani, miaka yote hiyo ana mshahara, ana shamba la mahindi na hakuna aliyemfukuza. Subira bila mshahara ni njaa tu. Kwahiyo ukiona mkataba wako unaisha na hakuna mwingine, kwenda kampuni ya mbegu, benki ya mbegu au taasisi ya serikali siyo kushindwa, asikwambie mtu. Nafasi za kudumu vyuoni ni chache kuliko wanaohitimu, ni hesabu tu hiyo, haina uhusiano na akili yako.

Najua utauliza, sasa mama mbona hukuacha? Kwa sababu ya vitu kama mpunga wa Sub1. Mpunga unapenda maji ila ukifunikwa kabisa na mafuriko aina nyingi zinakufa ndani ya siku chache, zinajirefusha kutafuta hewa mpaka nguvu zinaisha. Kulikuwa na aina ya zamani ya India ambayo yenyewe inatulia, inapunguza kukua, inasubiri maji yashuke. Mwaka 1996 watafiti wakaonyesha sehemu ya kromosomu inayohusika, 2006 jeni yenyewe, hiyo Sub1, ikajulikana, 2009 mbegu ya Swarna-Sub1 ikaidhinishwa India, yani Swarna, mpunga uleule wakulima walioupenda, ila sasa una jeni hiyo na unavumilia kuzama mpaka kama wiki mbili. Hesabu miaka hapo. Hakuna fandi moja ya miaka mitatu iliyofanya hiyo kazi, ni watu walipokezana, na wengi wao majina yao huyajui wala mi siyajui.

Na kuna Beal. Huyu alikuwa profesa wa botania Michigan, Marekani, mwaka 1879 akafukia chupa 20 zenye mchanga na mbegu za magugu, ajue zinaweza kukaa ardhini muda gani zikiwa hai. Yeye alikufa 1924. Chupa zinaendelea kufukuliwa, ya karibuni ni 2021, usiku kwa tochi kwa sababu mwanga unaweza kuziamsha mbegu, na kuna zilizoota! Zimebaki nne, ya mwisho ni ya mwaka 2100. Ungeandika hivyo kwenye ombi la fandi leo wangekucheka, mi hilo ndo linaniudhi kuliko vidukari wote.

Bas, nitumie majina ya wasimamizi uliowaona, na ile barua yako ya maombi niipitie kabla hujaituma. Nitaichafua na kalamu nyekundu, usinune. Afu uniambie ni mmea gani, maana hujasema.

Mama yako