Barua kwa Akinyi kuhusu mitambo ya upepo

Mau Narok, Nakuru

Mpendwa Akinyi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Uliniuliza kama ni kweli tumeikataa mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo kwa kuogopa magonjwa. Hatujaikataa, dada yangu, lakini baraza la Jumanne lilivunjika bila mwafaka, nami nakueleza wewe kwa kuwa ni muuguzi na utalipima jambo hili vizuri kuliko wengi waliosimama kuzungumza.

Kampuni inayotaka kupima upepo mlimani kwetu ilimtuma kijana mmoja. Jirani yangu alimuuliza kama ng'ombe huharibu mimba karibu na mitambo hiyo, na mwingine akasema amesikia kwamba watu hukosa usingizi na kuumwa kichwa. Kijana akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichovunja baraza, ilhali majibu ya maswali ya afya yapo na yangeweza kutolewa kwa heshima. Wizara ya afya ya Kanada iliwahi kuwachunguza watu 1,238 wanaoishi katika maeneo yenye mitambo, baadhi yao wakivishwa mkononi vifaa vya kupima usingizi, na haikuona uhusiano kati ya kelele za mitambo na maradhi au kukosa usingizi. Ilichoona ni kwamba kadiri kelele zilivyozidi ndivyo watu walivyozidi kukereka. Watafiti wa Auckland, New Zealand, nao waligundua kwamba watu waliotangulia kuonyeshwa habari za kutisha walieleza dalili za ugonjwa hata pale ambapo hakuna sauti yoyote iliyopigwa. Sisemi kwamba watu wetu wanadanganya. Anayeumwa kichwa kwa hofu anaumwa kweli, nawe umewahudumia wengi wa namna hiyo.

Hofu ya hapa, kwa maoni yangu, imetokana na mbolea. Serikali iliposhusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka uliofuata, tulishukuru kwa dhati, tukajiandikisha, tukapanga foleni tangu alfajiri tukiwa na vitambulisho mkononi. Mwaka 2024, kashfa ya mbolea ghushi ilipofikisha bungeni hoja ya kumng'oa waziri wa kilimo, mimi pia nilifungua mfuko nikamimina kiganjani chembe za kijivu ambazo, baada ya kulala usiku kucha kwenye sufuria ya maji, zilikuwa changarawe vilevile. Viazi vya msimu ule vilitoka vidogo kama ndimu. Aliyeniuzia alikuwa ameniapia kwamba mbolea ni safi, basi unadhani mtu wa namna yangu atamwaminije kijana anayesema mitambo ni salama huku akicheka? Ndiyo maana mzee mmoja alipodai kwamba watakaotia saini mkataba wa upepo watafutwa kwenye orodha ya ruzuku ya mbolea, watu waliamini papo hapo. Nilimuuliza amelisikia wapi, naye hakuwa na jibu.

Tunakumbuka pia jirani zetu wa Kinangop, ng'ambo ya Bonde la Ufa, ambako mradi wa mitambo 38 ulifutwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuandamana.

Mimi nautaka mradi huu. Kodi ya ardhi kampuni itanilipa hata mvua isiponyesha, tena hainidai kwanza shilingi 2,500 kama mfuko wa mbolea. Lakini nataka kelele zipimwe mchana na usiku, milangoni petu, na mtu asiyelipwa na kampuni, zisipite wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima ambao Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018. Nataka umbali kutoka kwenye nyumba uandikwe katika mkataba wa Kiswahili na usomwe barazani. Jirani ambaye shamba lake halitapata mtambo naye apewe chochote, kwa maana utafiti ule wa Kanada ulionyesha kwamba wanaofaidika na mitambo hukereka kidogo kuliko wengine, na sioni haki mmoja alipwe na mwingine aachiwe kelele.

Baraza litarudiwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukipata ruhusa kazini, njoo uzungumze na akina mama, kwani swali la mimba ya ng'ombe halijajibiwa hadi leo. Nitakupokea Njoro.

Wako,
Wanjiru