Usimwite mtu wa greda bado

Jambiani, Unguja

Kwa shoga yangu Mwanakheri,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu na anaiulizia ile kanga uliyomwahidi. Hayo mtamalizana wenyewe.

Habari za kiwanja, lile konde la bibi yako, nimezipata. Unasema fundi amekushauri kichaka kichomwe, greda lipite mpaka jiwe lionekane, halafu uletewe malori ya udongo mwekundu upande miti ya matunda. Nakuomba umzuie.

Maweni yetu yote ni matumbawe yaliyokuwa chini ya bahari. Bahari ilipojitenga, likabaki jiwe tupu. Maji ya mvua yana tindikali kidogo, kwa ile kaboni dioksidi inayoyeyuka ndani yake, nayo huila chokaa polepole mpaka jiwe likatoka matundu. Vile viraka vya kijivu na vyeusi tulivyokuwa tukivikwangua kwa kucha utotoni ni viumbe hai, kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Hushika vumbi, hufa, huoza, na kwenye tundu ukajaa unga mweusi wa kutosha kuotesha unyasi. Nyasi nazo zikafa zikaongeza. Ndege wakaja na mbegu za mkwamba tumboni. Mkwamba unapenda jua, lakini ukishatanda vizuri, kivuli chake mwenyewe huwazuia watoto wake kukua, wakaota wa miti mingine inayovumilia kiza. Ndivyo kichaka kinavyogeuka msitu: kila kundi humtayarishia mwenziwe mahali, kisha likaondoshwa.

Kazi hiyo haina haraka. Sentimita moja ya udongo huweza kuchukua mamia ya miaka, na juu ya chokaa ni taabu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jiwe ikiyeyuka huondoka na maji, kikabaki kidogo sana cha kufanya udongo. Kwa hiyo ule weusi unaouona kwenye mifuko ya mawe, usiofika hata kifundo cha mguu, ni mzee kuliko kijiji.

Iceland kuna kisiwa kiitwacho Surtsey kilichozuka baharini mwaka 1963 kwa mlipuko wa volkano. Wanasayansi walikilinda wasiingie watu ovyo, wakawa wanaandika kila kinachoota. Mmea wa kwanza ulionekana mwaka 1965, lakini kwa miaka mingi mimea ilibaki michache na dhaifu. Shakwe walipoanza kuzaliana kwa wingi miaka ya 1980, mavi yao ndiyo yaliyotia rutuba, na majani yakashamiri. Bila udongo, mbegu zilikuwepo na mvua ilikuwepo, na bado hakikuwa kitu.

Sasa konde la bibi yako si Surtsey. Ni kweli alikuwa akikata na kuchoma, akipanda mtama na kunde kwa muo, ule mti wa kuchimbia, kwenye mifuko ile ile. Lakini alilima misimu michache tu, mavuno yakipungua akahamia kwingine, akaliacha lipumzike miaka. Jivu hutoa rutuba ya haraka, ila mvua huichukua; kinachorudisha nguvu ni majani yanayodondoka, jongoo na mchwa wanaoyasaga, na visiki vilivyobaki hai vikachipua. Ndiyo maana pale pamefunga upesi. Udongo ulikuwepo, mizizi ilikuwepo. Greda likishakwangua, vyote hivyo vinakwenda, na utaanza na jiwe.

Na huo udongo mwekundu wa lori, shoga, umetoka wapi? Umechimbwa kwenye shamba la mtu, likabaki shimo. Ukimwagwa juu ya jiwe lililo wazi, masika mbili tatu utakuwa umeshuka nyufani. Jiwe letu ni pakacha. Maji hupita moja kwa moja mpaka kwenye maji ya visima, na pasipo udongo wa kuyachuja hupita na uchafu wake. Nawe umesema unataka kuchimba choo upande ule ule wa kisima! Hilo nalo tulizungumze.

Mimi ningefanya hivi. Pasafishwe pale tu nyumba inaposimama. Weusi wa juu ukusanywe kwa majembe, utiwe kivulini, ufunikwe majani. Huo ndio utakaojaza mashimo ya mikomamanga na mipera yako, pamoja na samadi ya mbuzi, ambayo huku haiishi. Mikwamba ya upande wa bahari iache, ikukingie upepo wa chumvi. Majani yakidondoka usiwaruhusu vijana kuyafagia na kuyachoma. Najua watakwambia ni uchafu.

Nipigie kabla ya Ijumaa, maana fundi ameshaanza kuuliza bei za malori, na mtu wa greda ni shemeji yake.

Wasalaam,
Shogako Mwanaidi